Konza na mawe ya angani: Kenya itautazama usiku wa Aprili 2029 kwa macho ya nani?

USIKU wa Ijumaa, Aprili 13, 2029, jiwe lenye upana wa zaidi ya mita 300 litapita karibu mno na dunia. Wakazi wa Konza, Machakos na sehemu nyingine nyingi za Afrika wataweza kuliona kwa macho matupu, mradi mawingu yasiwazibe.

Jiwe hilo ni asteroidi inayoitwa Apophis. Litakapofika karibu zaidi, litakuwa umbali wa takriban kilomita 32,000 kutoka uso wa dunia, ndani ya njia ya setilaiti zinazorusha matangazo ya televisheni. Kwa saa za Kenya, hilo litatokea mwendo wa saa saba kasorobo usiku wa kuamkia Jumamosi. Atakayeinua macho ataona kitu mfano wa nyota ya kawaida, ila nyota hiyo itakuwa ikisafiri taratibu mbele ya nyota nyingine.

Apophis haitaigonga dunia. Ilipogunduliwa mwaka wa 2004, hesabu za awali zilionyesha uwezekano wa asilimia 2.7 kwamba ingeweza kutugonga mwaka huo wa 2029. Vipimo vilivyofuata viliondoa hofu hiyo, na mwaka wa 2021 wanasayansi wa Marekani wakathibitisha kwamba hakuna hatari yoyote kutoka kwake kwa miaka 100 ijayo au zaidi.

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka wa 2029 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa uhamasishaji kuhusu asteroidi na ulinzi wa sayari yetu. Kila taifa litakuwa na la kusema usiku huo. Swali kwa Kenya, iliyotenga ekari 5,000 huko Konza kujenga mji wa teknolojia, ni iwapo itakuwa miongoni mwa wapimaji au miongoni mwa watazamaji tu.

MAJINA YETU, KAZI YA WENGINE

Si Wakenya wengi wanaojua kwamba nchi yao tayari ina jina angani. Kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii kuna ukanda wenye mamia ya maelfu ya mawe yanayolizunguka jua. Mojawapo limesajiliwa kwa nambari 1278 na jina lake ni Kenya. Lifuatalo katika orodha, nambari 1279, linaitwa Uganda.

Yote mawili yaligunduliwa siku moja, Juni 15, 1933, na mtaalamu wa nyota Cyril Jackson katika kituo cha Johannesburg, Afrika Kusini. Miaka iliyofuata, Jackson aliendelea kuyapa mawe aliyoyagundua majina ya huku kwetu: Nyanza mwaka wa 1935, kisha Ruvuma, Mombasa na Pemba mwaka wa 1937. Tanga nayo imo, kutokana na ugunduzi wa mwaka wa 1930.

Hayo yalifanyika miaka 30 kabla ya Kenya kupata uhuru, na hakuna Mkenya aliyeulizwa. Ni heshima, lakini ni heshima aliyopewa mtu akiwa amelala.

Mtindo huo haujakoma. Novemba 1, 2023, chombo cha Marekani kiitwacho Lucy kilipita kando ya asteroidi ndogo iliyopewa jina la Dinkinesh, jina la Kiamhari la mabaki ya binadamu wa kale yaliyofukuliwa Ethiopia mwaka wa 1974. Picha zilipowasili, wanasayansi walishangaa kuona kwamba jiwe hilo lina mwezi wake mdogo. Mwezi huo ukaitwa Selam, yaani amani, kwa heshima ya mabaki ya mtoto yaliyopatikana pia nchini Ethiopia.

Senegal imeonyesha njia nyingine. Agosti 2018, wanasayansi wake walishirikiana na wenzao wa Marekani kupima kivuli cha Arrokoth, kijiwe kilicho mbali kupita Pluto, kilipoikinga nyota kwa muda mfupi sana. Vipimo hivyo vilisaidia kukiongoza chombo cha New Horizons, kilichofika huko Januari 1, 2019. Mwaka wa 2021, asteroidi nambari 35462 ilipewa jina la Msenegali Maram Kaire, aliyeshiriki katika kazi hiyo. Hapo jina limetolewa kwa jasho lililomwagika.

VITU VIDOGO, MASWALI MAKUBWA

Kizazi kilichosoma shule za msingi kabla ya mwaka wa 2006 kilikariri sayari tisa, ya mwisho ikiwa Pluto. Agosti 24, 2006, Muungano wa Kimataifa wa Wataalamu wa Nyota, uliokutana mjini Prague, ulipitisha kanuni mpya. Pluto ikateremshwa na kuwekwa katika kundi la sayari kibete. Leo kundi hilo lina wanachama watano wanaotambuliwa rasmi: Ceres, Pluto, Haumea, Makemake na Eris.

Wengi walidhani ni ugomvi wa majina tu. La hasha. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba mfumo wa jua si nyumba yenye watoto tisa waliopangwa kwa utaratibu, bali ni kijiji kizima chenye wakazi wasiohesabika. Machi 2025, miezi mipya 128 ilithibitishwa kuizunguka sayari ya Zohali, na jumla yake ikafika 274. Mingi ni mawe ya kilomita chache tu.

Juni 2025, darubini mpya ya Vera Rubin nchini Chile ilitoa matokeo yake ya kwanza. Katika muda wa takriban saa kumi za kutazama, ilikuwa imenasa asteroidi 2,104 ambazo hazikuwa zikijulikana.

Vitu hivyo vina maana mbili kwa mwananchi wa kawaida. Kwanza, ni masalio ya vifaa vilivyoijenga dunia miaka bilioni 4.6 iliyopita, hivyo anayevichunguza anasoma historia ya ardhi anayoilima. Pili, baadhi yake huanguka.

Afrika Mashariki inalijua hilo kwa kuliona. Huko Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, kuna kimondo cha chuma chenye uzito wa takriban tani 16, na kila Juni 30, Siku ya Kimataifa ya Asteroidi, watu hukusanyika hapo. Agosti 14, 1992, mvua ya mawe ya angani ilinyesha mjini Mbale, Uganda. Kipande kimoja cha gramu chache kilipenya majani ya mgomba na kumgonga mvulana kichwani. Hakuumia, kwa kuwa majani yalikuwa yamekipunguzia kasi.

Nchini Kenya, Julai 16, 2011, vimondo vilianguka karibu na mji wa Thika, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Konza. Vipande vyake vimekuwa vikiuzwa katika soko la wakusanyaji wa vimondo ng'ambo. Jiwe lililosafiri mabilioni ya kilomita hadi shamba la Mkenya likaendelea na safari hadi kabati la mgeni.

CHUMA CHA MUKUKU

Tukio lililowazindua wengi halikuhusu jiwe. Desemba 30, 2024, pete kubwa ya chuma yenye kipenyo cha karibu mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, ambayo inapakana na Konza.

Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA), lililoanzishwa mwaka wa 2017, liliwatuma maafisa wake, likaichukua pete hiyo na kueleza kwamba ilikuwa sehemu ya roketi. Vitu vya aina hiyo, lilisema, hutengenezwa viungue vikirejea duniani au viangukie mahali pasipo na watu kama baharini.

Hapakuwa na majeruhi. Hata hivyo, tukio hilo lilifichua mambo mawili. La kwanza ni kwamba mkataba wa kimataifa wa mwaka wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo dhima ya hasara inayotokea ardhini, lakini anayedai lazima kwanza ajue chombo ni cha nani. Asiye na kumbukumbu zake mwenyewe za anga hulazimika kuwauliza wengine, na pengine kumuuliza mshukiwa mwenyewe.

La pili ni uzito wa sauti inayoaminika. Tangazo la KSA lilitolewa Januari 1, 2025, siku mbili baada ya chuma kuanguka. Katika zama hizi za simu za mkononi, siku mbili zinatosha uvumi kuzunguka nchi na kurudi.

Wiki chache baadaye, jaribio la pili likaja. Asteroidi iitwayo 2024 YR4, iliyogunduliwa Desemba 27, 2024 na darubini iliyoko Chile, ilikadiriwa kuwa na uwezekano wa kuigonga dunia Desemba 22, 2032. Februari 18, 2025, uwezekano huo ulifika asilimia 3.1, kiwango cha juu kuliko kilichowahi kurekodiwa kwa jiwe la ukubwa wake. Ukanda wa hatari ulianzia Bahari ya Pasifiki, ukapita Amerika Kusini, Afrika na Bahari ya Arabuni hadi Asia Kusini. Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini, ilitajwa.

Kabla ya mwezi huo kwisha, vipimo zaidi vilionyesha kwamba dunia haimo hatarini. Lakini kwa siku kadhaa, mamilioni ya Waafrika walikuwa katika mstari uliochorwa na wengine, kwa darubini za wengine, na wakategemea wengine kuwaambia wamesalimika.

DARUBINI YA KUBEBA MGONGONI

Huenda msomaji akasema kazi hii ni ya mataifa tajiri. Ushahidi kutoka Nairobi unampinga.

Septemba 27, 2022, saa nane na dakika 14 usiku kwa saa za Kenya, chombo cha NASA kiitwacho DART kiligongana makusudi na Dimorphos, mwezi mdogo wenye upana wa takriban mita 160 unaoizunguka asteroidi kubwa zaidi iitwayo Didymos. Chombo hicho kilikuwa na kasi ya zaidi ya kilomita sita kwa sekunde. Hayo yalitokea takriban kilomita milioni 11 kutoka hapa.

Lengo lilikuwa kujaribu iwapo binadamu anaweza kulisukuma jiwe la angani likaacha njia yake. Jaribio lilifaulu kupita matarajio. Kabla ya kugongwa, Dimorphos ilichukua saa 11 na dakika 55 kumaliza mzunguko mmoja. Baadaye muda huo ulipungua kwa zaidi ya nusu saa.

Wakati wa kugongana, eneo la dunia lililokuwa na usiku na lililoelekea upande huo lilikuwa hili letu, la Afrika Mashariki na Bahari ya Hindi. Kati ya darubini ndogo za wapenzi wa nyota zilizounasa mwanga wa vumbi lililoruka sekunde hiyo, tatu zilikuwa kisiwani Reunion na moja ilikuwa Nairobi. Vipimo vyao vilichapishwa mwaka wa 2023 katika jarida la kisayansi la Nature.

Darubini ya aina hiyo ina kioo cha upana wa sentimita 11 hivi na hubebwa mgongoni kama mkoba. Haikuhitaji mlima wala jumba la kuba. Ilihitaji mtu aliyefunzwa, aliyekuwa macho saa nane usiku, mahali panapofaa. Jiografia ndiyo iliyoiingiza Kenya katika historia hiyo, na jiografia haikopwi kutoka benki.

Ndiyo sababu ya kusema kwamba pengo lililopo katika uchunguzi wa mawe ya angani ni pengo la mahali kabla ya kuwa pengo la fedha. Darubini kubwa zimerundikana Chile, Hawaii, visiwa vya Kanari na Afrika Kusini. Usiku unapoingia Afrika Mashariki, macho ni machache.

NAFASI YA KONZA

Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa Konza Januari 2013, kama mojawapo ya miradi ya Ruwaza ya 2030. Mji huo, ulio takriban kilomita 60 kusini mashariki mwa Nairobi, uko mpakani mwa kaunti za Machakos, Makueni na Kajiado. Kabla yake, Konza ilijulikana kwa kituo cha reli, mahali njia ya kwenda Magadi inapochepuka kutoka ile kuu ya Mombasa.

Wakosoaji wamelalamikia mwendo wa kinyonga wa mradi huo, na wana hoja. Ahadi zimekuwa nyingi kuliko majengo. Hata hivyo, vitu viwili vilivyopangwa hapo vinahusu moja kwa moja suala hili. Kimoja ni Kituo cha Data cha Kitaifa. Kingine ni taasisi ya juu ya sayansi na teknolojia, KAIST, iliyobuniwa kwa kielelezo cha ile ya Korea Kusini na kwa mkopo wa nchi hiyo.

Inafaa kuwa wakweli: Konza si mahali pa kuweka darubini kubwa. Mji unaokua huleta taa, na taa ni adui wa giza. Maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya, yenye milima na usiku mweusi, yanafaa zaidi kwa kazi hiyo.

Lakini uwindaji wa asteroidi siku hizi hufanywa zaidi mbele ya kompyuta kuliko nyuma ya lenzi. Darubini ya Vera Rubin pekee inatarajiwa kuzalisha takriban terabaiti 20 za data kila usiku. Katika bahari hiyo, jiwe jipya ni kijidoa kilichosogea kidogo kati ya picha moja na nyingine. Anayekipata ni mwenye programu nzuri, kompyuta zenye nguvu na wanafunzi wenye subira. Hivyo ndivyo vitu ambavyo Konza ilijengewa.

Kenya pia haianzi na mikono mitupu. Desemba 12, 1970, setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika pwani ya Malindi. Mei 2018, setilaiti ndogo iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Italia ilianza kazi. Aprili 15, 2023, ikafuata Taifa-1.

Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha shanga hizo. Malindi ina historia, Nairobi ina vyuo vikuu na KSA, kaskazini kuna giza, na Konza kuna kompyuta. Kila kimoja kimekaa peke yake.

GHARAMA NA MAWINGU

Kuna hoja nzito dhidi ya haya yote. Ukambani ni nchi ya ukame wa mara kwa mara. Mama anayetembea kilomita kadhaa kutafuta maji ana haki ya kuuliza kwa nini serikali itazame juu ilhali chini hapajatengenezwa. Hoja hiyo haijibiwi kwa kudharauliwa.

Jibu la kwanza ni la hesabu. Darubini ndogo kama ile ya Nairobi hugharimu kiasi kidogo kuliko gari moja la afisa wa serikali. Darubini kumi za aina hiyo, zikigawanywa kwa shule na vyuo kuanzia Lodwar hadi Kwale, haziwezi kuitikisa bajeti ya kaunti, achilia mbali ya taifa.

La pili ni kwamba elimu hii haiishii angani. Kijana anayejifunza kutambua kijidoa kinachosogea katika picha elfu moja anajifunza mbinu ile ile inayotumika kutambua shamba linaloanza kunyauka katika picha za setilaiti. Anayepiga hesabu za njia ya Apophis anaweza kupiga hesabu za mafuriko ya mto Athi.

La tatu ni la usalama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jiwe la mita 50 au 60 haliwezi kuiangamiza dunia, lakini laweza kuuharibu mji. Taifa lenye wataalamu wake litajua mapema, litawaambia watu wake kwa lugha yao, na litaketi mezani maamuzi yatakapofanywa.

Umuhimu wa sauti hiyo ya nyumbani utaonekana Aprili 2029. Jiwe lililobatizwa jina la mungu wa maangamizi wa Misri ya kale, linalopita karibu na dunia siku ya Ijumaa tarehe 13, ni chakula kitamu kwa wazushi. Iwapo Wakenya watasikia habari zake mara ya kwanza kupitia jumbe za vitisho kwenye simu zao, lawama hazitakuwa za jiwe.

Kuna pia suala la hali ya hewa. Aprili ni kilele cha mvua za masika. Mwezi hautawasumbua watazamaji, kwa kuwa usiku huo utakuwa gizani, lakini wingu moja juu ya Konza laweza kuizima sherehe nzima. Hii ni sababu nyingine ya kutawanya vifaa kote nchini badala ya kujenga jukwaa moja la wageni waheshimiwa. Kukiwa na mvua Machakos, huenda Turkana kukawa kweupe.

Chombo cha Ulaya kiitwacho Hera, kilichorushwa Oktoba 7, 2024, kilipangiwa kufika Dimorphos mwishoni mwa 2026 ili kukagua jeraha lililoachwa na DART. Taarifa zake zitakuwa wazi kwa yeyote mwenye ujuzi wa kuzisoma. Huo ungekuwa mwanzo mzuri kwa wanafunzi wa Konza, kwani hauhitaji hata darubini.

Mtoto aliye darasa la sita leo atakuwa amekua Apophis itakapopita. Anaweza kuwa amesimama uani kwao, akiuliza kile kinuru kinachotembea ni nini. Anaweza pia kuwa ndiye anayewajibu majirani, akiwa na vipimo alivyovichukua mwenyewe. Tofauti kati ya watoto hao wawili itategemea kitakachofanywa sasa, kwa sababu Apophis ina ratiba yake, na haitaisubiri Konza ikamilike.